Mwamba Ngoma na Majirani Zake

Tumezoea kumsifu mtu anayejiundia kitu chake kwa mikono yake, na ndani ya sifa hiyo mna wazo kwamba mtu huyo amejinasua. Aliyechonga kiti chake hamwombi muuza viti. Aliyepigilia mabati ya banda lake hamsubiri fundi aliyeahidi kuja Jumatatu. Kisumu sifa hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa huu ni mji unaoishi kwa kuunda. Pita Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika mpaka barabarani, uone masanduku ya bati, majiko ya makaa, vitanda ambavyo vanishi yake haijakauka, sufuria zilizofuliwa kwa nyundo mchana kutwa. Watu wa jua kali wametufundisha kuamini kwamba mwenye nyundo na akili hana wa kumnyenyekea. Ni imani nzuri, na imesomesha watoto wengi. Lakini ipo kazi moja ya mikono ambayo kila ninapoitafakari naiona ikibishana na imani hiyo, nayo ni kazi ya kuunda ngoma nyumbani.

Tumchukue kijana yeyote wa mitaa ya Manyatta au Nyalenda. Amekulia kwenye ngoma za kanisani, au amekuwa akisimama karibu na bendi za Ohangla, muziki wa Kijaluo, harusini, macho yake yakiwa kwenye mikono ya mpigaji badala ya kwa bibi harusi. Anataka ngoma zake. Zile za dukani, zinazovuka bahari zikiwa ndani ya makatoni, zina bei ya kodi ya nyumba ya miezi mingi, na hata akizimudu zimekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine: kimo cha mwingine, mlio aliouchagua mwingine katika nchi nyingine. Yeye sauti anayo tayari kichwani. Anataka mzinga unaomfika kiunoni bila yeye kuinama, na ngozi ya unene anaoujua kwa vidole. Basi anatangaza kwamba atajiundia. Rafiki yake anampongeza: “Omera, sasa hutamwomba mtu.” Na hapo ndipo anapoanza kuomba.

Kwanza anaomba mti. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mafundi wa ngoma huupenda mringaringa, kwa kuwa mbao yake ni nyepesi, huchongeka bila ugomvi na haipasuki ovyo inapokauka. Kando ya ziwa mti ulio karibu zaidi na watu ni siala, ule wenye maua ya manjano unaopandwa mipakani mwa boma na kutoa nguzo za nyumba na mipini ya majembe. Lakini siala ulionenepa kiasi cha kutobolewa ukawa mzinga una miaka mingi, na miaka hiyo ina mwenyewe. Aliupanda babu, au shangazi aliyeolewa mbali, au jirani ambaye mpaka wake na wenu haujapata kuafikiwa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na zuio hilo likatangazwa kuondolewa Julai 2023. Mashambani, hata hivyo, imekuwapo siku zote sheria iliyo kongwe kuliko tangazo lolote la wizara. Huukati mti wa mtu kabla hujaketi naye, mkanywa chai, mkazungumza kwanza habari za mvua na za wagonjwa. “Jaduong’, nimekuja kwa ajili ya ule mti wa kando ya lango.” Mzee atauliza ngoma hiyo ni ya kazi gani. Dukani swali hilo haliulizwi kamwe. Muuza ngoma anataka kujua kama utalipa kwa M-Pesa. Mwenye mti anataka kujua mti wake unaenda kusema nini mbele za watu.

Akikosa mti, ataunga mbao, kama waundaji wengi wa mijini wafanyavyo duniani kote. Vipande 16 vya urefu mmoja, kila kimoja kikiwa kimekatwa ukingo kwa pembe ya digrii 11 na robo, pande zote mbili, ili vikikutana vifunge duara. Hesabu yake ni kali. Akikosea nusu digrii tu kwa kila ukingo, kosa hilo linajirudia mara 32, na mwisho wa kazi anabaki na pengo la digrii 16 ambalo hakuna gundi ya kulisitiri. Kwa hiyo ataenda kwa seremala mwenye msumeno wa meza, amwombe nusu saa ya umeme wake na, kilicho adimu zaidi, jicho lake.

Kisha anaomba ngozi, na hapa ndipo panaponishika zaidi. Ngozi ya kuwambia haitakiwi iwe imepita kiwandani ikalainishwa kama ya viatu. Inatakiwa mbichi, ya machinjioni Mamboleo au ya mbuzi aliyechinjwa kwenye matanga ya juzi. Kuipata si vigumu. Kuifahamu ndiko kwenye kazi. Ukiifukia kwenye majivu mpaka manyoya yalegee, ukaiparuza kwa kisu butu, ukaiosha, kisha ukaiinua kati yako na jua, utayaona maisha yote ya yule mnyama. Pale kupe waliponing’inia pana vidoa vilivyo dhaifu kuliko pengine. Pale alipojipenyeza kwenye ua wa miiba pana mstari. Fimbo ya mchungaji mwenye hasira imeacha alama yake. Chapa ya moto imeacha yake. Na kisu cha mchunaji mwenye haraka kimeacha mkato ambao haukupenya upande wa pili, lakini utapenya siku ngozi itakapovutwa. Muundaji anaweza kuizungusha, kuchagua sehemu ya mgongoni, kukwepa hapa na pale. Kuongeza hawezi. Mlio wa ngoma yake, basi, ulianza kuamuliwa miaka kadhaa nyuma na mchungaji asiyemjua, pengine mtoto wa shule huko Seme au Nyakach, aliyekuwa mpole au asiyekuwa mpole kwa mbuzi mmoja, jioni moja, pasipo mtu wa kumtazama. Deni la namna hiyo hulipwa kwa nani?

Tunapenda kufikiri kwamba tabia njema ambayo haikuonekana imepotea. Mwambaji wa ngoma anajua vingine. Yeye hupokea mikononi mwake matokeo ya upole ambao aliyeutenda alikwisha kuusahau, na ya ukatili pia, na hana pa kupeleka shukrani wala lawama. Kwa watu waliozoea kupima wema kwa shukrani inayorudi, ni jambo linalofaa kukaa nalo kidogo.

Ngozi ina deni jingine lililo gumu zaidi, kwa kuwa anayedai hana mdomo. Ngoma za Ohangla, zile ambazo mpigaji mmoja huzipanga kwa safu na kuzipiga kwa vijiti, nyingine zikimfika begani, zamani ziliwambwa kwa ngozi ya kenge, ng’ech kwa Kijaluo. Majirani wetu Waisukha na Waidakho wa Kakamega nao walimtumia kenge kwa ngoma zao za isukuti. Ngozi yake ni nyembamba na ngumu, na waliozizoea ngoma hizo watakuambia mlio wake ulikata hewa kwa namna ambayo ngozi ya mbuzi haiwezi. Wakati huo ufuo ulikuwa na kenge wa kutosha na watu wachache. Leo hali imegeuka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimpi nafasi mtu anayemtoa kenge vichakani ili apate mlio anaoutaka bila kibali. Wapo wanaonung’unika kwamba sheria imeua utamaduni. Siwaelewi sawasawa. Wazee hawakumchagua kenge kwa sababu alikuwa kenge. Walimchagua kwa sababu alikuwa pale, karibu, mwingi, akila mayai ya mamba na samaki kwenye nyavu za watu. Kilicho karibu nasi leo, tena kwa wingi, ni mbuzi. Anayefuata njia ya wazee alitazame jicho lao, kwanza, kabla ya kuutazama mkono wao. Hata hivyo sitajifanya kwamba hakuna kilichopotea. Mlio ule ulikuwapo, na mtoto anayezaliwa leo Kondele hatausikia.

Sasa ngozi imelowa, mzinga umekauka kivulini, kazi ya kuwamba ianze. Methali inasema mwamba ngoma huvutia kwake, na kwa kawaida tunaitoa kwa kejeli, tukimlenga anayepindisha mazungumzo ya urithi au ya kamati ya soko kuelekea mfukoni mwake. Nina shaka kama aliyeitunga aliwahi kuwamba. Ni kweli kila mvuto ni wa kuvutia kwako; mkono hauna namna nyingine ya kuvuta. Lakini anayesimama mahali pamoja akavutia hapo tu hupata ngoma iliyopinda: upande mmoja umekaza mpaka unataka kukatika, upande wa pili unalegea, na ukiipiga inatoa sauti mbili zinazogombana. Kwa hiyo mwambaji huvuta hapa, akazunguka ng’ambo akavuta huko, akarudi kati ya hapo na pale, na kila anapohama “kwake” nako kunahama. Bora zaidi ni wawili. Mmoja anashika kamba upande huu, mwenzake upande ule, kila mmoja anavutia kwake kwa nguvu zake zote bila haya, na ngozi inatulia katikati kwa sababu ubinafsi wao umelingana. Nimetafuta methali ya jambo hili sikuipata. Pengine hatukuihitaji, maana zamani hakuna aliyewamba ngoma peke yake.

Ngozi ikikaushwa juani hujikunja kwa pupa na kuchanika; ikikaa kivulini siku kadhaa hujikaza yenyewe, polepole, kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauna. Lakini hata ikikauka haijamaliza mazungumzo yake na hali ya hewa. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, ziwa likiipumulia unyevu, na alasiri nyingi mawingu hujikusanya yakapasuka kwa radi kabla watu hawajaanua nguo. Ngoma inaijua mvua hiyo kabla ya mwenyewe. Masika, tangu Machi hadi Mei, ngozi hulegea na mlio hushuka, na mpigaji huiotesha moto au kuianika kidogo kabla ya shughuli. Aliyenunua ngoma yenye uso wa plastiki ameepukana na taabu hiyo yote: ngoma yake inalia Januari kama inavyolia Aprili. Sisemi kwamba amekosea. Nasema tu kwamba amepungukiwa na kitu kimoja cha kumkumbusha yuko wapi.

Tufike kwenye sauti yenyewe, ile ambayo kijana wetu alikuwa nayo kichwani tangu mwanzo. Kanuni zake zinajulikana na hazina ushabiki: uso mpana hutoa sauti nene, mwembamba hutoa sauti ya juu, ngozi nzito hushusha, mvuto hupandisha. Akicheza na mambo hayo matatu atakaribia alichokitaka, na huenda atakipata hasa. Atakaa chumbani mwake, au uani chini ya kamba za nguo, apige, na ngoma itasema alivyotaka iseme. Furaha ya siku hiyo haidharauliki. Taabu huja siku atakapoipeleka mahali penye watu. Mwimbaji ana sauti yake na haiwezi kushushwa kwa kulegeza kamba. Mpiga orutu, fidla ya Kijaluo, amekaza uzi wake anavyojua. Kinanda cha umeme, ambacho siku hizi kimekuwa sehemu ya Ohangla kiasi kwamba vijana hawadhani iliwahi kuwa bila hicho, kimefungiwa sauti zake kiwandani. Ile ngoma iliyoundwa kwa kipimo cha mtu mmoja inajikuta haina pa kukaa, na mwenye nayo analazimika kuilegeza au kuikaza mpaka isiwe tena ile ya kichwani mwake.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo, ndiyo maana hawakuunda ngoma moja moja. Isukuti ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na hakuna inayotosha bila nyingine. UNESCO ilipoiingiza ngoma hiyo mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka, miongoni mwa sababu zilikuwa kwamba wengi wa wanaoijua wamezeeka bila warithi, na kwamba hata vifaa vya kuundia ala vimekuwa shida kupatikana. Uganda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, kipo kijiji cha Mpambire ambako familia kwa familia wanaishi kwa kuunda ngoma na kuzipanga kando ya lami. Na katika Buganda kila ukoo una mdundo wake, hivi kwamba ngoma iliyopigwa mbali ilikuwa ikimtaja mtu kwa watu wake. Fundi wa mahali kama hapo hawezi kuniambia kwamba anaunda anachopenda. Anaunda kinachoweza kuitwa na wengine kikaitika.

Mtu atanipinga kwa nyatiti. Kweli, mpiga nyatiti hukaa peke yake. Lakini mtazame vizuri: nyuzi nane mikononi, sauti yake mwenyewe kinywani, njuga za gara mguuni, na kwenye kidole cha mguu pete ya chuma, oduong’o, anayoigonga kwenye ubao wa ala ili apate mdundo. Na lile bakuli la nyatiti limewambwa ngozi kama ngoma. Mwanamuziki aliyelazimika kuwa peke yake alijigawa akawa kundi. Marehemu Ayub Ogada, aliyeifikisha nyatiti kwenye majukwaa ya Ulaya na kutoa albamu yake ya “En Mana Kuoyo” mwaka 1993, alipokuwa akikaa peke yake mbele ya umati bado ulisikika mkutano.

Muundaji wa ngoma anadaiwa pia na majirani, na deni hili ndilo la kila siku. Kitanda ulichojiundia hakimsumbui mtu. Ngoma haina faragha. Ukishaiunda umejitolea kusikika, na ukuta wa mabati wa Nyalenda hauzuii chochote. Historia ya ufuo huu imejaa ugomvi kuhusu nani ana haki ya kusikika na saa ngapi. Waanglikana walipoanza kazi yao Maseno mwaka 1906, na Waadventista Gendia mwaka huohuo, ngoma ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo muumini mpya alitarajiwa kuviacha nyuma pamoja na mizimu. Makanisa yaliyozaliwa hapahapa, kama yale ya Roho, yakairudisha, na mpaka leo ukitembea Jumapili unaweza kupishana na maandamano yao, kanzu nyeupe, bendera, na mtu aliyejipinda nyuma kidogo kwa uzito wa ngoma iliyoning’inia shingoni. Yako mengine ambayo hayajairuhusu hadi sasa. Serikali nayo imekuwa ikipigana na disko matanga, zile dansi za usiku za misibani, na tangu mwaka 2009 zipo kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele. Mama anayelala saa mbili ili aamkie samaki wa alfajiri Dunga hahitaji kuzisoma kanuni hizo ili ajue kwamba anaonewa.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo huwa inanisumbua. Kijijini, ngoma iliyolia usiku ilikuwa na habari. Ilimaanisha kuna aliyefariki, kesho watu watafukuza mauti kwa tero buru na ng’ombe na pembe; aliyeamshwa aliamka akiwa anahusika. Mjini ngoma ya jirani haina habari nami. Ni yake. Je, tunachokiita kelele ni wingi wa sauti, au ni sauti ambayo haituhusu? Na kama ni hilo la pili, dawa yake iko kwa maofisa wa mazingira au iko kwingine? Kijana wetu, akiwa na akili, atafunika ngozi kwa kitambaa anapojifunza, na siku moja atapita nyumba ya jirani kuuliza ni saa ngapi mtoto wao mdogo hulala. Hilo likishaulizwa, kwa namna fulani ngoma imekuwa ya nyumba mbili.

Nimekuwa nikiyafikiria haya kwa sababu ya shule. Mtaala wa umilisi, ambao wengi tunauita CBC, ulipoanza rasmi mwaka 2019, uliwataka watoto waunde vitu, ala za muziki zikiwamo, kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Wazazi walilalamika, na si bila sababu: mtu anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku haoni raha kuambiwa atafute kopo, mpira na kipande cha ngozi kabla ya kesho. Wengine wakapata njia. Anapigiwa simu mtu wa bodaboda, anapita Kibuye, analeta kingoma kilichokamilika, mtoto anakibeba asubuhi na kupata alama zake. Ngoma ya watoto haikeshi, tunasema, ya nini kujitesa. Lakini kile alichonyang’anywa mtoto hapo si ufundi, maana ufundi angekuja kuupata baadaye au asiupate na maisha yakaendelea. Amenyang’anywa kuomba. Angekwenda kwa bucha wa pembeni akaona aibu kidogo kueleza anachotaka. Angemwomba dada yake ashike upande wa pili. Angepasua kipande cha kwanza, akarudi kwa yule bucha, na aibu ingekuwa imepungua.

Lazima niseme pia, nisije nikaonekana ninamhubiria kila mtu arudi kwenye tezo na patasi, kwamba kununua si dhambi. Wapo watu wanaolisha familia kwa kuunda ngoma za kuuza, na siku sote tutakapojiundia wao watakula nini? Vilevile wapo wanaojiundia kwa kiburi kitupu: wanapaka rangi tatu, wanaandika majina yao kwa herufi kubwa kuzunguka mzinga, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa. Hao nao sina nguvu ya kuwalaumu sana. Mtu aliyekaa miezi akichonga ana haki ya kujitazama kidogo. Ninachokiona ni kwamba kiburi hicho hakidumu, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: kwenye pwani hii ya ziwa watu wanafariki, na palipo na msiba watu huazima.

Huazima hema, viti, sufuria kubwa, taa, jenereta. Huazima na ngoma. Mwenye seti ya dukani anaweza kukataa kwa heshima, akataja bei yake na udhaifu wa vyuma vyake, na wakamwelewa. Aliyejiundia atasema nini? Mlangoni wamesimama kijana wa yule mzee wa siala, na bucha, na seremala aliyetoa nusu saa ya umeme, na yule aliyeshika kamba upande wa pili. Hawajaja kudai, wala hakuna atakayekumbusha neno. Wanasema tu kwamba mwili unafika Ijumaa jioni na kesha litakuwa refu. Ngoma inaondoka. Jumatatu inarudi ikiwa na vumbi la boma la watu, jina lililoandikwa kwenye mzinga limechubuka, na kamba moja imekazwa upya na mtu ambaye hakuuliza ruhusa. Na mwenyewe akiijaribu anakuta, pengine kwa kuudhika kidogo, kwamba imekazwa vizuri kuliko alivyokuwa ameikaza yeye.